Ramani ya ubongo wa nzi na swali tuliloliruka

Mwezi Oktoba 2024 jarida la Nature lilichapisha kwa mkupuo makala tisa kuhusu ubongo wa nzi wa matunda, yule nzi mdogo mwenye macho mekundu anayezengea ndizi zilizoiva mno pale sokoni Nakasero na mitungi ya pombe ya ndizi huko Masaka. Ubongo wa nzi jike mmoja ulikuwa umekatwa vipande vyembamba kuliko unywele na kupigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Kompyuta, zikisaidiwa na mamia ya watu, zikafuata kila uzi wa neva kutoka unapoanza hadi unapoishia. Hesabu ilifika seli za neva 139,255 na zaidi ya sinapsi milioni 50, yaani maungio ambapo seli moja huipasha nyingine habari. Aprili 2025 ikafuata kazi nyingine, ya kipande cha ubongo wa panya chenye ukubwa wa milimita moja ya ujazo, mfano wa chembe ya mchanga. Ndani yake mlikuwa na seli zipatazo 200,000 na zaidi ya sinapsi milioni 500.

Tangu hapo, hapa Kampala nimekuwa nikisikia maneno ya namna mbili. Wapo wanaosema kwa furaha kwamba ubongo sasa umejulikana, na kilichobaki ni kungoja kompyuta kubwa zaidi ili wafikie wa binadamu. Wapo wanaouliza, tena kwa uchungu unaoeleweka, ubongo wa nzi unatuhusu nini sisi ambao hata dawa za kifafa hazifiki kila zahanati. Naona wote wawili wamejikwaa kwenye jiwe moja. Wanaitazama ramani ile kama mchoro wa fundi umeme: waya huu unatoka hapa unakwenda pale, na fundi aliyeulaza alikuwa na karatasi mkononi. Ndani ya kiinitete hakuna fundi wala karatasi. Kuna mamilioni ya nyuzi zinazokua gizani kwa wakati mmoja, zikipapasa, zikigusana na kuachana. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya mpangilio tunaoushangaa katika ramani ile inatokana na uwezo wa uzi kujitambua unapojigusa, kisha ukajikwepa. Uwezo huo hauonekani popote katika ramani, na ndio uliopaswa kuwa gumzo letu.

Swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1890 Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, akichunguza viinitete vya kuku, aliona kwamba ncha ya uzi wa neva unaokua ina kitu kama koni chenye vidole vingi vinavyopapasa mbele. Mwaka 1907 Ross Harrison wa Marekani aliweka kipande cha kiinitete cha chura ndani ya tone la limfu, na akauona uzi ukirefuka mbele ya macho yake. Baadaye akaja Roger Sperry. Alikata neva za macho ya vyura, akageuza macho juu chini, akangoja neva ziote upya. Zilirudi kwenye vituo vyake vya zamani, na chura akawa anarusha ulimi chini wakati mdudu yuko juu. Sperry akahitimisha kwamba kila uzi una alama ya kikemikali inayouongoza mahali pake. Aliandika hivyo mwaka 1963, na mwaka 1981 akatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake nyingine, ya pande mbili za ubongo. Katika miaka ya 1990 zikapatikana molekuli zenyewe za njiani: netrini zinazovuta nyuzi, semaforini zinazozifukuza, efrini zinazoonyesha mipaka.

Hayo yote yanaeleza safari. Hayaelezi kinachotokea baada ya kufika, na kwangu mimi hapo ndipo penye utamu. Seli moja ya neva ikishafika mahali pake hutoa matawi mengi, wakati mwingine mamia, ili ienee eneo lake lote. Matawi hayo ni ya seli moja, yametengenezwa kwa protini zilezile na yanapenda mazingira yaleyale. Kwa nini basi hayajikusanyi na kushikamana kama nywele zilizolowa? Katika miaka ya 1980 watafiti waliochunguza ruba waliona jambo hili kwa uwazi: matawi ya seli moja hayavukani, lakini yanapita juu ya matawi ya seli jirani bila shida yoyote. Kwa hiyo tawi linajua kwamba hili ni langu na lile ni la mwenzangu. Linajuaje, wakati seli hizo mbili zinafanana kama mapacha?

Jibu la kwanza lilitoka kwa nzi huyuhuyu wa ndizi. Mwaka 2000 Dietmar Schmucker, Larry Zipursky na wenzao walieleza jeni iitwayo Dscam1, ambayo maelekezo yake yanaweza kuunganishwa kwa namna nyingi mno. Sehemu moja ya jeni ina vipande 12 vya kuchagua, nyingine ina 48, nyingine 33 na ya mwisho 2, na kila mara huchaguliwa kimoja tu kutoka kila sehemu. Ukizidisha unapata sura 38,016 za protini, zote kutoka jeni moja. Sehemu inayojitokeza nje ya seli, ile inayogusa wengine, ina sura 19,008. Kila seli ya neva huchukua sura chache kutoka ghala hilo, kwa kiasi kikubwa kwa bahati nasibu. Kisha inakuja siri yenyewe. Protini hiyo hushikana tu na pacha wake kamili. Tofauti ikiwa katika sehemu moja tu kati ya tatu za nje, hazishikani. Matawi mawili ya seli moja yakigusana, protini zao hutambuana na kushikana, na kule kushikana kunatuma ishara ndani ya seli: rudi nyuma. Matawi ya seli mbili tofauti yakigusana, hakuna kinachoshikana, kila moja linaendelea na safari yake.

Wasomaji wa Buganda wana njia fupi ya kulielewa hili. Muganda hutambulishwa kwa ukoo wake na mnyama au mmea wa mwiko wake: Ngeye kwa mbega, Nkima kwa tumbili, na nyinginezo zaidi ya hamsini. Watu wa ukoo mmoja hawaoani (wa Mamba wana utaratibu wao). Nimewahi kuwaona vijana wawili waliokaribia kupendana wakiulizana ukoo, na walipogundua kwamba wote ni wa Ngeye, mazungumzo yakabadilika papo hapo wakaanza kuitana kaka na dada. Kwanza walitambuana, na kutambuana kwenyewe kukawa ndiyo sababu ya kusogeleana kukoma. Dscam1 inafanya hivyo hasa. Tofauti kubwa ni kwamba ukoo unarithiwa, lakini alama ya seli ya neva haikutolewa na baba wala mzee yeyote. Seli imejiokotea. Haijalishi imeokota alama gani, mradi jirani asiwe ameokota ileile.

Mfano huu unavumilia hata majaribio ya maabara, na ndiyo sababu nauamini. Fikiria watu wote wamesahau koo zao: hakuna wa kumwambia mwenzake "sisi ni ndugu, tuachane". Watafiti walipoiondoa Dscam1 katika seli za neva zilizo chini ya ngozi ya buu la nzi, matawi ya seli moja yalivukana na kujikusanya mafungu. Sasa fikiria kinyume, kwamba nchi nzima ina ukoo mmoja tu. Hakuna atakayeoa. Walipotengeneza nzi ambao seli zao zote zina sura moja ileile, kila seli iliweza bado kutandaza matawi yake vizuri, kwa kuwa ilijitambua. Ila seli za aina tofauti, ambazo kwa kawaida hushirikiana eneo moja, zilianza kukimbiana kana kwamba kila moja inamwona mwenzake kuwa ni yeye mwenyewe. Kazi za maabara ya Zipursky zilizochapishwa mwaka 2009 zikaonyesha kwamba nzi anahitaji maelfu ya sura ili mchanganyiko huo usitokee. Sura elfu na kidogo hazikutosha. Wingi ule wa 38,016, ambao mtu angeweza kudhani ni israfu ya maumbile, una kazi.

Hapa msomaji makini atauliza, na anayo haki: haya ni ya nzi, je, wanyama wenye uti wa mgongo? Dscam tunayo pia, na jeni yake iko kwenye kromosomu ya 21, lakini yetu haina wingi ule wa sura. Ingekuwa mwisho wa habari kama mwaka 1999 Qiang Wu na Tom Maniatis wasingeeleza kundi la jeni lililojipanga mstari kwenye kromosomu, jeni za protokadherini, ambazo ni protini zinazojitokeza nje ya seli. Panya ana 58: alfa 14, beta 22, gama 22. Sisi tuna hamsini na kidogo. Kila seli huwasha baadhi yake kwa bahati nasibu, na mseto unaopatikana ndio utambulisho wake. Seli mbili zikigusana, protini hizo hupangana mnyororo baina ya kuta zao, na alama moja tu isiyolingana inatosha kuukata mnyororo usirefuke. Mwaka 2012 Julie Lefebvre, Joshua Sanes na wenzao walifuta gama zote 22 katika retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya panya. Seli moja ya huko, ambayo matawi yake kwa kawaida yametandazwa kama mwale wa nyota, ikakunjamana. Waliporudisha gama moja tu, yoyote ile, nyota ikakunjuka. Lakini nyota jirani zilizokuwa na gama hiyohiyo zikapunguza kupishana. Matokeo ni yaleyale ya nzi, kwa jeni ambazo hazina undugu na zile za nzi.

Kwangu hiki ndicho kithibitisho kizito kuliko vyote. Nzi na panya wametengana kwa zaidi ya miaka milioni mia tano. Mmoja alipata wingi kwa kukata na kuunga jeni moja, mwingine kwa kuwa na jeni nyingi na kuziwasha kwa bahati, na wote wakafika kwenye suluhisho moja. Watu wa pwani watafurahi kusikia kwamba pweza naye, jenomu yake iliposomwa mwaka 2015, alikutwa na jeni 168 za protokadherini, nyingi kutupita kwa mbali. Maumbile yakirudia jibu lilelile kwa njia tofauti, maana yake ni kwamba swali halikwepeki: mfumo wowote wa neva wenye matawi mengi ni lazima ujue kujitenga na nafsi yake.

Isidhaniwe pia kwamba alama moja kwa wote ni maafa siku zote. Seli zinazotoa serotonini, kemikali inayohusika na hali ya moyo, zinatakiwa zitawanye nyuzi zake ubongo mzima kwa usawa, pasiwe na zilipojazana na zilipokosekana. Zenyewe hubeba protokadherini moja iliyo sawa kwa zote, hivyo kila uzi humkimbia kila mwenzake na eneo lote linagawanywa. Ilipoondolewa katika panya, nyuzi zilijikusanya mafungu, na tabia za panya hao zikafanana na za mnyama mwenye sonona. Ni ukoo mmoja uliotawanywa makusudi.

Wanaotetea wazo la anwani, yaani lile la Sperry kwamba kila uzi una alama ya mahali pake, wana hoja nzito, na sitaki kuipunguza. Ramani ya nzi ilipolinganishwa na ramani nyingine ya sehemu ya ubongo wa nzi iliyotolewa mwaka 2020, maungio yenye nguvu yalijirudia kwa kiasi kikubwa kutoka nzi hadi nzi. Hilo haliwezi kuwa tunda la bahati nasibu. Ni kweli, Sperry hakukosea. Uzi hufika kitongoji chake kwa kufuata alama za njiani, na huchagua wenzi wake kwa alama nyingine. Ninachosema ni kwamba alama za bahati nasibu zinafanya kazi ambayo anwani haiwezi. Ili umpe kila tawi anwani ya kuepuka kila ndugu yake, ungehitaji maelekezo yasiyo na mwisho. Bahati nasibu inakutoa huko kwa kanuni moja fupi: ukigusa unayefanana naye kabisa, rudi. Ndiyo maana siikubali ile hesabu inayopendwa kwenye mijadala, kwamba jeni zetu 20,000 hivi haziwezi kupanga seli bilioni 86 za ubongo, kwa hiyo jeni hazina neno kubwa. Hesabu hiyo inadhani kwamba kila seli inahitaji sentensi yake. Seli inahitaji kanuni na kete.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba nzi hatuhusu. Nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, wakiwataja watoto wa Kitgum na Pader wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa, na uchungu wao ni wangu pia. Lakini hoja inasimama juu ya dhana kwamba maarifa ya ubongo hutengenezwa kwingine, na sisi kazi yetu ni kusubiri dawa. Mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, unaikanusha dhana hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika hospitali ya watoto ya CURE, daktari Benjamin Warf alikabiliwa na watoto wenye kichwa maji ambao mirija ya kupandikizwa ili kuyatoa maji ingewaletea hatari, kwa kuwa ikiziba wako mbali na upasuaji. Akaunganisha mbinu mbili: kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo kwa kamera nyembamba, na kuunguza tishu inayoyatengeneza. Mbinu hiyo ilitoka Mbale ikaenda Marekani. Haikuwa zawadi kwetu, ilitoka kwetu.

Na kifafa, ambacho wapinzani wa nzi hukitaja kwanza, ni mahali ambapo habari hii ya kutambuana inagonga mlango wenyewe. Mwaka 2008 iligunduliwa kwamba kasoro katika jeni PCDH19, ya ukoo mpana wa protokadherini, husababisha aina ya kifafa kinachoanza utotoni. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X. Kwa kawaida kasoro za kromosomu hiyo huwaumiza wavulana, kwa kuwa wana X moja tu. Hapa ni kinyume: wasichana ndio wanaougua, na wavulana ambao hawana kabisa jeni nzima kwa kawaida wanasalimika. Maelezo yanayokubalika ni kwamba msichana, kwa kuwa kila seli yake huzima X moja kwa bahati, anabaki na ubongo wa mchanganyiko, seli zenye protini hiyo na zisizo nayo. Makundi hayo mawili hayatambuani, yanajitenga mahali ambapo yalipaswa kuchanganyika. Mvulana asiye nayo kabisa ana seli zinazofanana zote, na zinaelewana. Ugonjwa hautokani na kupungukiwa tu. Unatokana na kutotambuana. Daktari anayefikiria neva kama nyaya hawezi hata kulibuni wazo kama hilo, na mzazi anayeambiwa kwamba binti yake ana kifafa kwa sababu alirogwa kwa niaba ya kaka yake anahitaji daktari anayeweza kulieleza.

Jambo hili linagusa majeruhi pia. Vijana wengi wanaoanguka na boda huumia neva za mkono zinazotoka shingoni. Neva za nje ya ubongo na ugwe mgongo huota upya, kwa kiasi cha milimita moja hivi kwa siku, lakini kuota peke yake hakurudishi mkono. Uzi ulioota ukaelekea msuli usio wake ni mzigo. Hata katika utafiti wa kupandikiza seli mpya kwenye retina, kuziotesha tu hakutoshi. Ni lazima zijue kujitandaza bila kujisonga na kupishana na majirani bila kuwakimbia.

Ramani ya 2024 haiwezi kutuambia lolote kuhusu hayo, na si kwa uzembe wa walioichora. Hadubini ya elektroni huona umbo. Alama 19,008 hazionekani kwa umbo. Tena ramani ni ya nzi mmoja, na nzi dada yake mwenye jeni zilezile angekuwa amepiga kete zake mwenyewe katika kila seli. Kuichora tena na tena kutatupa maumbo zaidi, wakati swali la jinsi yalivyopatikana linahitaji kazi ya namna nyingine: kuondoa jeni moja, kurudisha sura moja, kutazama seli iliyo hai.

Kazi hiyo haihitaji mabilioni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanafunzi wamekuwa wakifundishwa sayansi ya neva kwa kutumia nzi pale Ishaka, wilayani Bushenyi, katika tawi la magharibi la Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kupitia juhudi za vikundi kama TReND in Africa na DrosAfrica. Chakula cha nzi ni unga wa mahindi, uleule wa posho, pamoja na sukari na hamira. Kwa nyuzijoto 25 yai linakuwa nzi mzima kwa siku kumi hivi, hivyo mwanafunzi anaweza kupitia vizazi kadhaa katika muhula mmoja. Bajeti ya sayansi ya nchi hii inapojadiliwa, maabara za namna hiyo hazitajwi; hutajwa mashine kubwa zinazopendeza kwenye picha. Mimi ningeanza na hadubini za mwanga za kutosha na mishahara ya wanaojua kuzitumia. Ngozi ya buu la nzi inapitisha mwanga, na seli za neva zilizo chini yake zinaweza kufanywa zing'ae buu likiwa hai. Mwanafunzi wa Ishaka akilaza mabuu mawili juu ya kioo, moja lenye Dscam1 na jingine lisilo nayo, anaweza kuhesabu kwa macho yake mwenyewe ni mara ngapi tawi limepita juu ya ndugu yake.